Alama Moja Chini

Jeppestown, Jumamosi mchana

Nsimire wangu,

Umeme wamekata tena, na mashine zote nne za hapa karakana zimenyamaza kama watoto waliokemewa. Kwa hiyo nina saa mbili na nusu za kukaa bure. Nimeazima kalamu kwa fundi viatu wa hapo jirani, maana chaki ya kuchorea vitambaa haiandiki barua. Wewe uko nyumbani Berea unafunga sanduku, na baba yako bila shaka anakufungulia tena ili ahakikishe umeweka soksi za sufu. Maagizo ya baridi, ya pasipoti na ya kutopokea mzigo wa mtu uwanja wa ndege nimemwachia yeye. Anayapenda mno, tusimnyime. Mimi nina jambo lingine.

Najua utakunja uso ukiona nimeandika Kiswahili. Tangu uanze shule mimi nasema Kiswahili, wewe unajibu Kiingereza, na ukikasirika unajibu Kizulu, na tumeishi hivyo miaka yote bila kupelekana mahakamani. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa lugha ya kuazima. Lisome polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa unasoma mabango ya saluni ukiwa mdogo.

Kuna kitu kwenye uso wangu ambacho ulikijua kabla hujajua jina lako. Ni lile bonde dogo linalopita juu ya paji la uso, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ulipokuwa mtoto ulipitisha kidole humo wakati nakusuka, ukauliza nani amenichora. Nilikwambia ni kilemba, kwamba nilipokuwa msichana nilifunga vilemba kwa nguvu kupita kiasi. Ukaamini, na hadi leo kilemba hukigusi. Samahani, mwanangu. Ni mkanda wa gome la mti. Tangu nina miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba nilibeba mizigo kwa mkanda huo, kutoka kwetu Walungu kushuka msituni mpaka Shabunda, siku saba kwenda na siku saba kurudi, kwa miguu.

Tulikwenda na chumvi na sabuni, tukarudi na mafuta ya mawese. Barabara ilikuwa imekufa siku nyingi, mito imekula madaraja, basi kila kilichoingia na kila kilichotoka kilipita migongoni mwa watu. Mzigo unakaa mgongoni, mkanda unapita kwenye paji la uso, shingo inainama, na kuanzia hapo dunia yako ni hatua mbili za udongo mbele ya vidole vyako. Mtu aliyebeba haoni miti. Anaona mizizi, siafu, na nyayo za aliyetangulia. Visigino vya watu wa wakati ule navikumbuka kuliko nyuso zao.

Na nisikudanganye, niliipenda njia ile. Hilo ndilo sijawahi kukwambia, kwa sababu ukisema unapenda kitu utaulizwa ulikiachia nini. Nilipenda harufu ya udongo baada ya mvua, tukiwa tumefunika chumvi kwa majani mapana na sisi wenyewe tumelowa. Nilipenda vituo vyetu, kila kimoja na jina lake: Pumzika-Ulie, Mgongo wa Nguruwe, Kwa Mjane. Tulikula bugali wa muhogo na samaki mkavu, mikono inanuka moshi, na wanaume wakitudanganya kuhusu dhahabu waliyokaribia kuipata. Mara nyingine hapa Jeppestown nafungua jora jipya la kitenge siku ya mvua, harufu ile inanirudia, na mteja ananiuliza kama nimesikia alichosema.

Aliyenifundisha njia ni Yaya, dada yangu mkubwa, unayemwita mama mkubwa ukimsalimia kwenye simu, ambaye nilikupa jina lake la Nsimire; Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Wewe umemjua ni mama anayeuza maharagwe sokoni Walungu, ameketi kwenye kigoda. Sisi tulimjua ni msichana ambaye akitembea hakuna aliyemfikia. Alibeba kilo nyingi kuliko wavulana na bado akaimba. Aliujua kila mti kwa jina na kwa ugonjwa unaotibu. Ukiona unashindwa kukaa mahali pamoja, usimtafute wa kumlaumu kwa upande wa baba yako.

Msitu ule ulikuwa na sheria yake. Anayefika kwanza njia panda anakata tawi lenye majani na kulilaza chini, likingame kwenye njia isiyofaa. Tulisema amefunga njia. Anayekuja nyuma, kichwa kimeinama, anaona majani mabichi mbele ya vidole vyake, anageuka. Hakuna aliyeweka alama juu ya mti, nani angeiona? Tawi likioza, anayepita anakata jingine. Huagizwi, hushukuriwi, na hujui nani alikufungia wewe.

Safari yangu ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na saba. Siku ya tatu tulivuka mto kwa daraja la kamba za msituni, lile linaloyumba kila ukikanyaga, na mimi nilishindwa kusimama. Nililivuka kwa magoti, nimefumba macho, namwita Mungu kwa majina yake yote. Jioni kituoni, mbele ya wachuuzi wote, Yaya alipiga magoti akaniigiza. Aliigiza vizuri, alikuwa na kipaji hicho. Watu walicheka mpaka sufuria ikamwagika, na kijana mmoja wa Mwenga, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nasuka nywele, alicheka kuliko wote.

Asubuhi wachuuzi wengine walibaki wasubiri mvua ipungue. Mimi niliondoka peke yangu, nimenuna, sikumsubiri hata dada yangu. Nilimsikia nyuma ananiita huku anajifunga mzigo, nikakaza mwendo. Karibu na saa sita mchana nilifika njia panda. Njia ya kulia ilikwenda kituoni. Ya kushoto ilikuwa njia ya tembo, inaishia kwenye bwawa, na msimu ule walikuwa wameipanua hata ikafanana na ya watu. Nikakata tawi, nikalilaza kushoto kama nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni yeye. Kisha nikakaa nikala muhogo wangu. Nikiwa natafuna nikakisikia tena kichwani kile kicheko cha jana. Nikainuka, nikalishika tawi, nikalitupa kichakani.

Nilisema moyoni, na yeye atafute kidogo. Nilifikiri angepotea nusu saa, afike amekasirika, na mimi ndiye nicheke. Ni hayo tu. Sikuwa na ubaya mkubwa kuliko huo, na huo ulitosha. Wahenga walisema hasira hasara, lakini hawakusema hasara ya nani.

Hakufika siku ile. Kesho yake wachuuzi walinikuta kituoni, na wao hawakumwona njiani. Wakaniuliza, "Ulifunga njia?" Nikasema nilifunga. Wakasema basi nguruwe wa msituni ndiye amelisukuma tawi. Sikuwabishia. Siku ya tatu wawindaji walimkuta kando ya bwawa, kifundo cha mguu wa kushoto kimevunjika kati ya mizizi, na chumvi yote imeyeyukia mgongoni mwake. Alikuwa amekaa mvuani siku mbili na usiku wake.

Walimtengenezea kiti cha fito, cha kubebwa mgongoni, na nikasema nitambeba mimi. Wanaume walinipokea kwenye milima mikali, lakini sehemu kubwa ya zile siku nne za kurudi Yaya alikuwa mgongoni kwangu, mkanda kwenye paji la uso langu. Lile daraja nililivuka nimesimama. Kwa hiyo bonde hili ulilokuwa unapitisha kidole halikutokana na chumvi wala sabuni. Alama ya chumvi hufutika ukipumzika mwezi mmoja. Hii ni ya dada yangu.

Mguu ulipona umepinda. Hakurudi msituni tena. Na mimi sikurudi, ingawa miguu yangu ilikuwa mizima. Nilijifunza kushona, nikaenda Lubumbashi, baadaye nikamfuata baba yako huku. Nilichagua kazi ya kukaa. Wanasema mji huu wote ni msitu uliopandwa kwa mkono, na mimi miaka ishirini na tatu sijakaa chini ya mti wake hata mmoja. Unakumbuka darasa lenu lilipokwenda kupanda milima ya Magaliesberg na mimi nikakataa kutia sahihi? Niliandika kwamba una pumu. Hujawahi kuwa na pumu hata siku moja. Ulibaki nyumbani ukitazama mvua dirishani, na jioni nikakununulia keki ili nisikuone umenuna. Kila mlima uliotaka kuupanda niliufunga, nikakwambia nakulinda, nami nilikuwa najilinda mwenyewe.

Halafu Januari ukaja na simu yako mezani. Ulikuwa na furaha hata hukuona sahani. Ukanionyesha vilima vya Morvan, huko ndani ya Ufaransa, misitu ya mialoni na misonobari, vijiji vidogo vya mawe, na njia nyembamba zinazopita katikati yake ambazo watu huzitembea kwa raha yao, bila mzigo wowote, eti wanapumzika. Ukasema, siku hiyo kwa Kiswahili ili nisikatae, kwamba mtakuwa kundi la vijana, mwaka mzima, mnatengeneza njia hizo na kupaka alama.

"Mama, angalia. Hii nyeupe na nyekundu ni njia ndefu. Ya njano ni fupi. Na hii msalaba, si ya kanisa, eish, inasema tu usipite huku."

Nilitazama ule msalaba wa rangi kwenye shina la mti, nikainuka nikaenda jikoni. Ulinifuata. Nikakwambia, "Hauendi. Pori haiko pahali pa mutoto yangu." Ukauliza kwa nini, nikakupa mgongo nikaanza kuosha sufuria safi. Ukasema, "Sharp, Mama," ile sawa yenu ya hapa, kwa ile sauti yako ya kufunga mlango, na siku tisa tulipishana humo ndani kama wapangaji.

Sasa nafika mahali pagumu. Baba yako hili halijui.

Pasipoti yako haikuangukia nyuma ya kochi. Ilikuwa hapa karakana, kwenye droo ya zipu, chini ya zipu za njano ambazo hakuna anayezitaka. Niliiweka mimi. Siku sita uliitafuta, ukapekua mpaka kwenye unga, na mimi nikapekua pamoja nawe. Niliinua godoro. Nilimwomba Mungu kwa sauti aionyeshe, na wewe ukaitikia amina. Miadi yako ya viza ilikuwa Ijumaa. Alhamisi ulikaa chini sakafuni jikoni, miguu umeinyoosha, ukalia bila kutoa sauti. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Hapo ndipo nilipojua nimelitupa tawi kwa mara ya pili, na safari hii sikuwa hata na hasira. Nilikuwa na hofu tu, na hofu inafanya kazi ileile.

Jioni hiyo "nikaipata" nyuma ya kochi. Ulinikumbatia, ukaniambia asante mara tatu. Asante zile zimenikaa rohoni kama pini iliyosahauliwa kwenye kola, kila nikigeuka inanichoma.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimpigia Yaya. Nilisimama pale uani pa kanisa, nyuma ya matangi ya maji, ili watu wasinione. Tulisalimiana, tukaulizana mvua na maharagwe. Kisha nikasema, "Yaya, ile siku ya njia panda. Haikuwa nguruwe. Mi ndiye niliondoa ile tawi."

Nilisikia kuku wake. Halafu akasema, "Mi najua."

"Unajua kutoka lini?"

"Kutoka ile siku tulirudia pale. Nilikuwa juu ya mugongo yako, mi naona mbali kuliko weye. Niliona tawi mu kichaka. Ilikatwa na panga yako, ile yenye pengo. Hakuna mutu mwingine alikuwa anakata vibaya vile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, hata kwa Mama. Alicheka kidogo, kile kicheko kilekile.

"Niseme kwa nani? Ulikuwa umenibeba. Mutu mwenye kukubeba haumuulizi. Siku ine sikuona uso yako, niliona shingo tu. Shingo ilisema yote."

Nililia pale nyuma ya matangi, mwanangu, mwanamke mzima na kofia ya kanisani. Sikulia kwa sababu amenisamehe. Nililia kwa sababu miaka yote niliyojificha, yeye alikuwa ananiona, na alikuwa ananingoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi sikuumbuliwa na kifo. Nilipewa nafasi, na nikaitumia nimechelewa.

Kabla hatujakata simu akaniuliza, "Huyo mutoto mwenye jina yangu, kweli anaenda kutembea pori?"

Nikasema anaenda, Jumapili inayokuja.

"Aksanti Mungu," akasema. "Basi na mi natembea."

Kwa hiyo unapokwenda huko, jua hukwenda kwa miguu yako peke yako. Sikwambii hivyo nikubebeshe mzigo. Nakwambia ili usije ukadhani kwamba kule kutamani milima kwako ni kiburi cha watoto wa mjini, kama nilivyokwambia Januari. Ni kitu cha kwetu. Kilikuwa kimefungiwa njia, na aliyekifungia ni mimi.

Ushauri sina mwingi. Nina huu mmoja, na ni wa kazi. Wenzako huko huweka alama kwenye usawa wa macho, kwa ajili ya watu wanaotembea wameinua vichwa. Ni vizuri, fanya wanavyokufundisha, usiende kuwabishia wazungu siku ya kwanza. Lakini kila ukimaliza njia panda, rudi nyuma hatua ishirini, inamisha kichwa, halafu uje tena kama mtu aliyebeba. Kama huoni kitu, weka alama moja chini, kwenye jiwe, au kata tawi ulilaze. Watakucheka. Waache wacheke, nimeshakuonyesha gharama ya kukasirikia kicheko. Iko siku atapita mtu amebeba kitu ambacho hakionekani mgongoni mwake, anaangalia vidole vyake tu, na atageuka mahali panapofaa, na hatajua ni wewe.

Na ukiwa na hasira na mtu, hata mimi, funga njia kwanza, ndipo ununiane naye.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuitia chini ya sanduku, kati ya zile soksi za baba yako, uikute Ufaransa ukiwa mbali na mimi nikiwa salama. Nilikuwa tayari nimeikunja mara moja, mkunjo utauona. Nimebadili nia. Huko ni kukuacha ugundue peke yako msituni, na hilo nilishamfanyia mtu.

Umeme umerudi sasa hivi. Nimesikia mashine ya kona ikiguna. Nitamalizia pindo la mteja mmoja, nifunge karakana, na leo sitapanda taksi. Nitatembea kwa miguu hadi Berea, nipite Doornfontein mbele ya chuo chako, niione ile miti ambayo sijawahi kukaa chini yake. Nitakupa barua mkononi. Utaingia nayo chumbani, na mimi nitakuwa jikoni nasonga bugali.

Ukitoka umekasirika, toka umekasirika, usinionee huruma. Ukiamua kesho kuagana na baba yako tu, ni haki yako, na baraka yangu unayo vilevile, nimekwisha kuitoa, hairudi. Lakini kama utakuja pale jikoni, huna haja ya kuniita. Nitakuwa nimeinamisha kichwa, sitaweza kukutazama usoni. Simama tu mbele yangu. Nitaona miguu yako.

Mama